Swali la Mjomba Urbano

Mmisionari aliyewabatiza watu wa Ulemo miaka ile ya mwanzo alikuwa na tabia yake. Akina Yohana na Petro aliona wamejaa duniani, kwa hiyo baadhi ya watu aliwagawia majina ya wale waliotajwa mara moja tu katika Maandiko, tena kwa kupita. Ndivyo mtoto mmoja wa Kinyiramba alivyopata kuitwa Antipasi, na mjomba wake, aliyebatizwa siku hiyohiyo akiwa kijana mwenye ndevu, akaitwa Urbano. Mtu mwingine angepokea jina akaenda zake. Antipasi, alipojua kusoma, alilitafuta jina lake mpaka akalikuta karibu na mwisho kabisa, mstari mmoja, na mwenye jina ameshauawa. Akamwendea mwalimu wa shule ya misheni kumwuliza huyo mtu alikuwa na kazi gani na mama yake aliitwa nani. Mwalimu akasema hakuna ajuaye. Antipasi akataka kujua kwa nini walioandika hawakuuliza. Alichapwa viboko viwili akarudishwa darasani.

Viboko havikumponya. Alikua hivyohivyo, mtu wa kuuliza. Aliuliza kwa nini Nuhu hakuchukua samaki, aliuliza mwizi aliyesulubiwa alikuwa amebatizwa na nani. Akawa mwinjilisti, akaoa Leah, Mnyaturu wa Mtinko, mwanamke asiyependa maneno ya kuzungukazunguka. Akapelekwa chuo cha theolojia kaskazini, akarudi mchungaji mwenye kola nyeupe. Mtu ungedhani sasa ameshiba. Wapi!

Mwaka 1957 ikaja barua kutoka ng'ambo. Chuo kimoja kikubwa kilikuwa tayari kumpokea asomee shahada ya juu ya theolojia, kitu ambacho Antipasi alikuwa hajasikia mtu yeyote wa kwao amekipata. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza aandike insha ya kurasa arobaini kueleza watu wake waliombaje kabla ya Injili kuja, na habari hizo zitoke vinywani mwa wazee wenyewe, si katika vitabu vya Wazungu. Pili, mkuu wa misheni aisome na kuitia saini. Insha isipofika ng'ambo kufikia mwisho wa Septemba, nafasi anapewa mwingine. Antipasi aliisoma barua ile mara nne, kisha akampa Leah aisome, kisha akainyang'anya akaisoma tena. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na alijua barua ya namna ile haiji mara mbili.

Basi akafunga safari ya kuuliza wazee. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa na nafasi, kwa hiyo alitoka Jumamosi. Karatasi nzuri alizokuwa nazo zilikuwa katika daftari jeusi la misheni, kwa hiyo alibeba daftari jeusi. Alianza kwa Bibi Raheli, aliyekuwa msichana mkubwa kabla Mjerumani hajafika Iramba. Akamwamkia, akakaa, akafungua daftari, akamwuliza zamani walimwombaje Mungu. Bibi Raheli akaweka ungo chini, akanyoosha mgongo, akamtolea Amri Kumi zote mfululizo bila kumeza mate, na maana zake.

Alipokwenda kwa Mzee Marko, akaambiwa kwamba zamani walikuwa gizani. Giza la namna gani? Giza tu, mchungaji. Kwa Mama Sara, gizani. Kwa mzee Laurenti, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa akishika mambo ya mvua kwa nchi nzima, gizani pia, na mzee akaongeza kwamba babu yake hakumjua vizuri. Jumamosi tatu zikapita, watu kumi na wawili wakaulizwa, na ukiacha Amri Kumi za Bibi Raheli, katika daftari jeusi mlikuwa na neno moja limeandikwa mara kumi na moja.

Leah ndiye aliyemfumbua macho, tena kwa ukali, huku akipepeta uwele. Alimwuliza mume wake kama amesahau Jumamosi ni siku gani. Na kweli alikuwa amesahau, yeye mchungaji! Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana ndiyo siku ya watu kuja kuulizwa. Mchungaji hukaa na daftari jeusi, huuliza imani yako na mwenendo wako, na akiridhika huandika jina lako. Asiporidhika hupiga mstari. Kwa hiyo wazee wa watu wamemwona mchungaji anaingia uani Jumamosi na daftari lake, anawauliza habari za matambiko, wao wangejibu nini?

"Na zaidi ya hayo," Leah akasema, "wewe ndiwe uliyemtenga mjomba wako. Nani mwenye akili atakwambia kitu?"

Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na mimi sitalifunika. Mwaka 1949, mwaka wa ile njaa, mvua ilikataa kabisa. Ikasikika kwamba watu wa Ulemo wamepanda mwambani na kondoo mweusi kuomba kwa desturi ya zamani. Antipasi wakati ule alikuwa mwinjilisti kijana, mkali, mshika kitabu cha majina ya washirika. Aliita watu mmoja mmoja. Wote walikana, isipokuwa mjomba Urbano. Urbano alisema ndiyo, nilikwenda, na nilikuwa peke yangu. Antipasi akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la mjomba wake, mstari ulionyooka vizuri sana. Kwa Wanyiramba mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Fikirieni wenyewe. Toka siku hiyo Urbano hakuingia kanisani, lakini hakuacha kuja. Kila Jumapili alisimama nje ya dirisha la pili, miaka minane.

Jumatatu Antipasi akaenda kwa mjomba bila daftari. Alimkuta anachonga mzinga wa nyuki kwa tezo, magamba ya mti yametapakaa mpaka mlangoni. Akasema shikamoo. Urbano akaitika marahaba na kuendelea kuchonga. Antipasi akaeleza habari ya barua, ya shahada, ya kurasa arobaini, ya giza la wazee kumi na mmoja. Urbano akacheka hadi akaweka tezo chini.

Kisha wakaingia kwenye Kinyiramba, na mzee akasimulia tangu asubuhi mpaka kivuli kikageuka. Alieleza nani aliyechagua kondoo na kwa nini awe mweusi kama wingu, kwa nini watu waliosusana walipatanishwa kwanza kabla ya kupanda mwambani, kwa nini unga ni wa uwele mpya. Antipasi alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mzazi wake. Mwishowe akauliza lile lililomwasha tangu mwanzo, kwamba siku ile mjomba alisema maneno gani.

"Nilisema, Wewe uliyetuumba, sisi ni watu wako. Na hawa wa kengele nao ni watu wako, kisima chao kimekauka vilevile. Tupe wote."

 Misheni nzima ilikuwa imeombewa mwambani na mtu iliyemfungia mlango, na Antipasi, mshika kitabu, hakuwahi kumwuliza alisema nini. Aliuliza mambo yote maishani mwake, mpaka samaki wa Nuhu, ila hilo hakuliuliza. Alijisikia vibaya kiasi cha kutaka kuondoka.

Urbano akamwambia akae, maana bado. Hakuwa peke yake siku ile. Bibi Raheli alikuwepo, Marko ndiye aliyemshika kondoo, na unga wa uwele uliletwa na mama yake Antipasi mwenyewe, marehemu Martha, aliyekula Meza ya Bwana mpaka siku ya kufa kwake. "Watu wasingestahimili njaa na kutengwa kwa pamoja," mzee alisema. "Nikaona mmoja anatosha. Hao usiwaandike. Niandike mimi."

"Na mvua, mjomba?"

"Ilikuja wiki ya tatu. Na ninyi kanisani mlikuwa mnaomba. Nani alisikiwa, sijui. Hilo ndilo nenda ukalisome, urudi uniambie."

Antipasi aliandika wiki tatu mfululizo. Shahidi alikuwa mmoja tu, Urbano Mkumbo wa Ulemo, na katika ukurasa wa thelathini na moja alieleza jinsi mtu huyo alivyoomba, na jinsi alivyotengwa bila kuulizwa aliomba nini. Akaandika pia ni nani aliyeshika rula. Kisha akaipeleka insha kwa mkuu wa misheni, Mzungu mrefu, mwenye haki kwa kipimo chake, asiyekunja kanuni hata kwa ndugu yake. Mzungu akaisoma siku mbili. Akasema kazi ni nzuri, ila ukurasa wa thelathini na moja utoke. Mtu aliyetengwa hawezi kuwa shahidi wa kanisa mbele ya watu wa ng'ambo. Ama ukurasa utoke, ama mtu huyo atubu kwa kanuni na jina lirudi kitabuni, vinginevyo hapati saini. Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na barua kwa ndege ilihitaji nane.

Kanuni ilijulikana. Aliyetengwa husimama mbele, upande wa kushoto, uso kwa watu, akataja kosa lake. Wazee wa kanisa wakinyoosha mikono, anaandikwa. Antipasi alikwenda kwa mjomba na ombi hilo jioni ileile, na alijua jibu kabla hajafika.

"Nisimame niseme nini?" Urbano akamwuliza. "Kwamba nilimwomba Mungu mvua?"

Kuung'oa ukurasa ule lilikuwa jambo la sekunde moja, na hakuna ambaye angejua. Antipasi aliushika mara mbili usiku ule. Nasema hivi ili msimfanye malaika, aliitaka shahada ile kuliko kitu chochote. Leah akamwambia yeye hatamshauri kitu, ila kama ataung'oa asimwambie.

Jumapili kanisa lilijaa. Mkuu wa misheni alikaa mbele, na Urbano alikuwa mahali pake, dirisha la pili. Ilipofika saa ya mahubiri Antipasi hakwenda mimbarani. Alivua kola yake nyeupe, akaiweka mezani, akaenda kusimama mbele, upande wa kushoto, uso kwa watu.  Alisema kwamba katika mwaka wa njaa alimtenga mtu mmoja aliyeomba, na hakumwuliza aliomba nini. Alisema mtu huyo aliwaombea wote, na kisima cha misheni. Alisema kosa lililoandikwa kitabuni ni la mshika kitabu, na kwamba yeye ndiye anayetubu. Hakumtaja mwingine yeyote. Akawaomba wazee waliochaguliwa na kanisa wamsamehe, na wamrudishe Urbano.

 Mzungu alikuwa amekunja mikono. Mzee Marko, yule wa gizani, alikuwa mzee wa kanisa wa kwanza katika benchi. Alikaa akiangalia miguu yake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Na Marko, mkono mmoja bado uko juu, akajisogeza kwenye benchi, akapapasa kwa kiganja cha mkono wa pili mahali palipobaki wazi.

Dirishani ikasikika sauti ya Urbano, bila haraka.

"Basi niandikeni. Nimechoka kusimama."

Akazunguka, akaingia kwa mlango mkubwa, magamba ya mzinga yamenasa kwenye koti lake, akakaa pale. Bibi Raheli upande wa wanawake alilia kwa sauti, na waliojua kwa nini hawakusema. Jumatatu mkuu wa misheni akaomba kuletewa kitabu, akasoma jina mwenyewe, akaweka kidole juu yake. Kanuni ilikuwa imetimia, ingawa si kwa njia aliyoitazamia. Akatia saini insha yote, na ukurasa wa thelathini na moja ndani yake.

Antipasi alipanda lori mpaka Mkiwa, kutoka pale mpaka stesheni ya Itigi, na huko mbele alikokwenda mimi sikufika. Alikaa miaka mitatu. Barua zake kwa Leah zilijaa maswali kuliko habari. Mwaka 1960 alirudi na shahada imeviringishwa ndani ya bomba la bati, na watu wa Ulemo walimpokea kwa vigelegele na pombe ya mtama, ile ambayo wachungaji hawaioni.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mjomba. Urbano alikuwa amezeeka, tezo haishiki tena, lakini hakuwa amesahau. Alimruhusu aseme shikamoo tu, kisha akadai jibu lake: mwaka ule, mwambani na kanisani, ni nani alisikiwa?

Antipasi akatoa ile karatasi kwenye bomba, akaifungua juu ya magoti ya mzee.

"Walimu watano waliniuliza swali hilohilo siku ya mtihani wa mwisho, mjomba. Nikawaambia sijui, na mjomba wangu aliyekuwepo naye hajui. Wakatazamana, wakanipa hii."

Urbano akaigeuzageuza karatasi, akapapasa muhuri wake mwekundu, akaitazama mbele na nyuma.

"Kwa kutokujua?"

"Kwa kutokujua."

"Haya," mzee akasema, "na yangu iko wapi?"

 Antipasi akaiviringisha karatasi taratibu, akairudisha ndani ya bomba, akalipachika bomba ukutani kwa mjomba, juu ya kitanda, kati ya mkuki na kibuyu cha asali. Likakaa hapo mpaka mzee alipokufa, na aliyetaka kuiona shahada ya Mchungaji Antipasi ilibidi apige hodi kwa Urbano kwanza.