Nyundo Zilizopakwa Rangi

Saa mbili asubuhi Emilian Frednand amejiinamia kwenye mashine ya kusaga ya Zulfa Kombo, Bugarama, wilayani Ngara. Anagonga nyundo za ndani moja moja huku ametega sikio. Inayolia vizuri inabaki, inayotoa mlio wa mkebe uliopasuka inafunguliwa.

Kwenye benchi ameketi Domisiana, bibi wa miaka 63, na ndoo yake ya mahindi. Mkononi ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Emilian anamwamkia shikamoo. Marahaba inaitikiwa, ila macho ya bibi hayabanduki kwenye nyundo.

Nyundo hizo ni vipande vya chuma vyenye urefu wa kiganja, vinavyozunguka kwa kasi na kuponda mahindi. Mahindi yaliyoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga hula chuma. Nyundo tupu huisha kwa wiki tatu. Emilian, fundi wa kuchomelea mwenye miaka 44, huzivika ncha zake aloi ya kromi, chuma kigumu kinachotoka kwenye vijiti maalumu vya kuchomelea, nazo hufika miezi mitatu. Seti moja humpa shilingi elfu sitini, na nusu yake huishia kwenye vijiti na umeme.

Fundi aliyemfundisha kazi kule Biharamulo alimwambia aweke matabaka mawili tu ya aloi. La tatu halishiki, linabanduka. Lakini msimu wa mavuno uliopita Zulfa alitaka nyundo za kumaliza msimu mzima, na Emilian akaongeza la tatu.

"Nilitaka sifa," anasema akiangalia viganja vyake. "Nilipomaliza nikaona nyufa zimeshuka hadi aloi inapoungana na nyundo. Kukosea kupo kwenye kazi. Mimi nilichukua rangi nyeusi nikazipaka zisionekane."

Siku ya sita vipande vilibanduka, vikatoboa chekeche, bati la matundu la kuchujia, na kuingia kwenye unga. Jioni hiyo Domisiana alimpikia uji mjukuu wake Elick, wa miaka minne. Mtoto akang'ata chuma, jino likavunjika na damu ikamjaa mdomoni.

Kesho yake bibi alikuja mashineni na kile kipande amekifunga kwenye pindo la khanga. Watu wakamgeukia Zulfa: kwa uchoyo wake amefunga chekeche ya bei rahisi. Zulfa aliapa mpaka sauti ikamkauka. Emilian alikuwepo. Alikiona kile kipande, na upande mmoja kilikuwa na rangi nyeusi.

Alinyamaza siku kumi na moja. Wateja wakahamia mashine ya ng'ambo ya bonde. Zulfa, asiyejua lolote, akamwita aje azibe chekeche, akamshukuru na kumwekea chai.

"Ile chai sikuimaliza," anasema. "Kanisani nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilijiona mchafu."

Siku ya kumi na mbili alimweleza Zulfa ukweli. Zulfa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa sauti ya chini, "Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Akawaambia, mbele ya foleni ya watu tisa. Hakuna aliyemtukana. Domisiana alijitwisha ndoo yake, akashika njia ya ng'ambo ya bonde. Mpaka leo Emilian anasema angepona haraka kama angetukanwa.

Tangu hapo nyundo zake hazipakwi rangi. Hupitishwa kwenye foleni, kila mwenye mahindi akazishika na kuzigeuza, ndipo zifungwe. Bibi alirudi mwezi uliopita, na sababu yake ni fupi: "Ng'ambo ni mbali, halafu kule hakuna anayenionyesha nyundo."

Mashine inanguruma, unga unashuka. Domisiana anapitisha sumaku ndani ya ndoo mara tatu, taratibu, anaigeuza kwenye mwanga. Haina kitu.

Emilian anapanga kununua sumaku kubwa aifunge kwenye mdomo wa mashine, kwa gharama yake. Akiulizwa kama bibi ameshamsamehe, anatikisa kichwa.

"Hilo sijathubutu kumwomba. Natamani tu siku moja aje ameisahau sumaku yake nyumbani."

Domisiana amesikia. Anaifunga sumaku kwenye pindo la khanga, pale pale alipokifunga kile kipande, anakaza fundo na kujitwisha ndoo yake.