Miche ya Beldina Adero

Beldina Adero alimzika binti yake Aoko mwaka wa 1983, nje ya ua, karibu na lango, kwa sababu ndivyo sisi Wajaluo tunavyomzika msichana aliyekufa kabla ya kuolewa. Aoko alikuwa na miaka kumi na saba. Homa ya siku nne ilimmaliza. Wakati huo korongo lilikuwa mbali, kule chini kwenye malisho. Lakini udongo wetu wa Nyakach, hapa karibu na Katito, huyeyuka kama sukari, na kila mvua ndefu korongo lilizidi kupanda. Kufikia 1986, ukisimama kaburini ungeweza kurusha jiwe likatua humo ndani.

Ndipo Beldina alipowakusanya wanawake wenzake wakaanzisha kitalu cha miti. Waliokota pakiti za maziwa sokoni, wakazijaza udongo, wakaotesha miche ya siala na mikasia. Maji waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kazi ya kalamu iliniangukia. Siku moja Khaemba, afisa wa misitu aliyetutembelea kwa baiskeli, alituambia kwamba halmashauri imepata ruzuku ya vikundi vinavyopanda miti. Tukaomba waya wa kuzuia mbuzi, na mawe ya kujenga vizuizi ndani ya korongo.

Kikao kilifanyika Kisumu. Beldina alivaa rinda lake la kanisani, tukaenda pamoja.

"Mama, hiyo ardhi ni ya nani?" mwenyekiti alimuuliza.

"Ni yetu, Mheshimiwa. Iliyobaki. Ingine imeingia kwa shimo."

Madiwani wakacheka. Beldina aliwatazama mmoja mmoja, kwa maana hakuwa amefanya mzaha.

"Cheti cha shamba uko nacho?"

"Kiko kwa jina la baba mkwe wangu, na alishakufa."

Diwani mmoja akasimama, akasema wafadhili watakuja kuona miti yao, na nani atawashusha korongoni na viatu vyao? Mikono ikainuliwa. Ikaamuliwa ruzuku itumike kupanda miti kando ya barabara za Milimani, wanakokaa wakubwa.

Tulipotoka nje, Beldina aliniuliza kwa Dholuo, "Mwalimu, Milimani si kuna miti tayari?"



Baada ya wiki tatu lori la halmashauri lilisimama kwenye kitalu. Khaemba alishuka na barua yenye muhuri, akamkabidhi Beldina bila kumtazama usoni. Siku ya kupanda imekaribia na miche haitoshi, barua ilisema. Kikundi kinaombwa kuchangia.

"Mama Aoko, wanasema mkiwasaidia sasa, mwaka ujao mtakuwa wa kwanza," Khaemba alisema.

"Na wewe unawaamini?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Beldina alizunguka kitalu chote. Kisha akasema wachukue, ila wamwachie mia moja. Hiyo mia moja aliipanda mwenyewe kati ya kaburi na korongo. Waya hatukuwa nao. Mbuzi waliimaliza kabla ya Krismasi.

Mwaka uliofuata hatukuitwa kikaoni.

Aprili 1988 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ya nne kukapambazuka, na nje ya lango la Beldina hapakuwa na kaburi. Nilimkuta chini korongoni, tope limemfika magotini, anachimba kwa jembe na kuliita jina la mtoto kama mtu anayemwamsha aende shule. Tulichimba naye. Tulipata kipande cha msalaba tu. Siku ya tatu shemeji yake, Mzee Oduor, alimshika mkono akamwambia kwa Dholuo, "Min Aoko, inatosha. Ameenda na maji."

Wazee wakaleta tunda la yago, lile refu zito ambalo kwetu huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Beldina alilipokea, akalifunga kwa shuka la Aoko.

"Safari hii analala ndani ya ua," alisema.

Mzee Oduor alijua desturi kuliko sisi wote. Aliinama, akaanza kuchimba karibu na jiko.

Barua ya halmashauri ya kukubali ombi letu ilifika mwaka wa 1991. Waya ukaja, mawe yakaja. Beldina aliwaonyesha wanawake jinsi ya kupanga mashimo na umbali wa kuachana, akafanya kazi nao mpaka mche wa mwisho ukasimama. Miti ilishika. Korongo lilitulia hatua kumi kutoka nyumba ya jirani, na wageni wa halmashauri walikuja wakapigwa picha.

Beldina hakwenda tena kuitazama miti hiyo. Akienda sokoni aliiacha njia ya korongoni, akazunguka nyuma ya kanisa, ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu mara mbili, na mimi nilipomwuliza mara moja tu kwa nini, aliniambia nimbebee kikapu.