Mstari Usioingia Kwenye Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mashine za hospitali pale Ukunda, Fundi Mkuu hakunipa kiti wala kompyuta. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia nitie mkono ndani ya inkubeta, lile sanduku la kioo la kuwatunzia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mlikuwa na uvuguvugu mle, na feni ikivuma polepole hata nikaanza kusinzia nimesimama. "Kazi yako ni joto hili," akasema. "Basi."

Tuliandika programu za kuiendesha kwa C, lugha kongwe ya kompyuta, nanyi vijana msicheke. Tulitumia sana makro, yaani kifupisho kinachogeuzwa kuwa maandishi kamili kabla kompaila haijaitafsiri programu kwa lugha ya mashine. Makro ina ulafi: ukiipa joto la ngozi ya mtoto itameza, ukiipa joto la hewa itameza vilevile, maana yote kwake ni namba. Yakichanganywa, mashine itamuunguza mtoto ikidhani inamkinga na baridi.

Fundi Mkuu alinifundisha ujanja. Kila joto tulilipa aina yake, kisha ndani ya makro tukatia mstari wa kulinganisha anwani za vile vipimo viwili vya joto katika kumbukumbu ya kompyuta. Jibu lake hatukulitaka. Aina zikitofautiana, kompaila hulalamika, nasi tulikuwa tumeiamuru ikilalamika igome. Zikiwa sawa, mstari ule huyeyuka kabla programu haijaingia kwenye mashine, na mashine haiujui kamwe.

Wallahi ulinikera. Ijumaa moja kompaila iligoma na kugoma, nikataka kuufuta niende zangu nyumbani. Fundi Mkuu alirudi kutoka kuswali, akalisoma lile lalamiko, akaniuliza kwa nini nimelinganisha ngozi na hewa. Nikatazama tena, kumbe kosa lilikuwa langu.

"Iache igombane nawe hapa, mwanangu," akasema. "Mtoto hawezi kugombana na mashine kule hospitalini."

Nimestaafu sasa, nakaa Msambweni, na mchana husinzia barazani nikizisikia feni zile. Majuzi binti yangu alijifungua kabla ya wakati, na mjukuu wangu akawekwa katika mojawapo ya mashine zetu za zamani. Niliogopa, siwafichi. Binti yangu akaniuliza kama humo mna kitu nilichokiandika mimi. Nikamwambia kimo, ila ule mstari ninaoutegemea leo haumo.

Muuguzi akaninawisha, akafungua kidirisha, nami nikatia mkono. Ulikuwa uvuguvugu uleule wa siku ya kwanza, na safari hii mlikuwa na mtu ndani.