Mke wangu alinikatalia hela zangu mwenyewe nikiwa mpakani, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi ni katekista mstaafu, mkulima wa mpunga hapa Kakese, Mpanda. Naandika polepole kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ni mambo yangu mwenyewe, na Mungu ambaye nimewafundisha watoto wa watu habari zake ananiona ninapoandika.

Mwaka jana baada ya mavuno nilikwenda Kitwe, Zambia, kumsalimia mwanangu mkubwa, Nestori. Anafanya kazi mgodini. Nilikaa karibu miezi mitatu. Mama Nestori alibaki, maana magoti yake hayapendi basi.

Kabla sijaondoka tulipanga habari ya hela. Hapa nyie vijana msikilize vizuri.

Hela za matumizi ya siku nilikuwa naziweka mfuko wa shati. Za safari, mke wangu alizishonea mfuko ndani ya kaptula ninayovaa chini ya suruali. Nyingine tukaziacha kwenye simu yake, ziwe za dharura tu. Mpakani nilibadilisha dukani, siyo kwa wale wanaokukimbilia na mabunda mkononi. Na ndani ya basi sikumwambia mtu naenda wapi wala nina nini. Nilisali rozari yangu nikalala.

Mama Nestori akaongeza la kwake.

"Baba Nestori, siku hizi matapeli wanaiba simu, wanaiga mpaka sauti. Agripina amenionyesha kwenye simu. Ukitaka zile hela, utasema neno."

Agripina ni mjukuu wetu, tunaishi naye. Basi tukachagua neno: jina la maksai wetu mmoja wa zamani, wa kukokota plau. Jina lenyewe nitawaambia mbele.

Mimi moyoni nilicheka. Nikasema huyu mama anacheza.

Sijamaliza hata mwezi Kitwe, mtu akampigia simu. Analia kabisa. "Mama, mimi niko na mzee wako huku Zambia, amelazwa, hali mbaya, tuma hela ya dawa haraka!"

Mke wangu akamuuliza, "Neno ni lipi?"

Yule mtu akasema, "Neno la Bwana, mama, linasema tusaidiane."

"Amina," mke wangu akajibu. "Lakini silo." Akakata simu, akaendelea kupepeta mchele.

Aliponisimulia nilicheka mpaka Nestori akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Tukamshukuru Mungu pamoja.

Sasa ikaja safari ya kurudi.

Agripina alikuwa anapata kipaimara Jumamosi. Nilimfundisha mwenyewe tangu hajui ishara ya msalaba, na nilimwahidi nitakuwepo. Hesabu ya mabasi ilikuwa imebana: nikikosa basi la Ijumaa asubuhi kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga, Mpanda sifiki kwa wakati.

Nikafanya kosa ambalo mpaka leo sielewi lilitoka wapi. Tulipokaribia Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nilianza kusikia watu wanaongea Kiswahili nje ya dirisha. Moyo ukalegea. Nikajiona nimeshafika nyumbani. Nikatoa hela zote, za kaptula na za mfuko wa shati, nikaziweka pamoja kwenye mkoba ili nisihangaike na vifungo mbele ya watu wakati wa kukata tiketi.

Nimevuka mpaka kwa miguu, nimefika stendi Tunduma, naingiza mkono kwenye mkoba, mkono ukatokea upande wa pili. Umechanwa kwa wembe.

Pasipoti ilikuwa mfuko wa shati pamoja na simu. Mungu ni mwema. Lakini hela, hakuna hata ya chai.

Nikampigia Nestori. Hapatikani, yuko chini ya ardhi kazini mpaka jioni. Mama wa dirisha la tiketi akaniambia, "Mzee, nafasi ni moja tu. Nakushikia kidogo, lakini dereva akipanda siwezi."

Nikampigia Mama Nestori.

"Nimeibiwa. Tuma zile hela sasa hivi."

"Pole sana. Neno?"

Wakuu, neno likapotea. Nilijua ni maksai. Lakini tumefuga maksai maisha yetu yote!

"Moshi!"

"Siyo."

"Shujaa!"

"Shujaa alikuwa wa mdogo wako. Wewe ni nani?"

"Ni mimi mumeo! Husikii sauti?"

"Sauti nasikia. Hata yule wa Neno la Bwana alikuwa na sauti."

Mama wa tiketi alikuwa ameinamia meza anacheka. "Mzee, mkeo huyo wangempa benki." Nyuma yake dereva alikuwa anafuta kioo.

Nikapandisha hasira. Nikaanza kumtajia harusi yetu, padre aliyetufungisha, kovu la mguu wake yeye Mama Nestori. Naye akapandisha, akasema hayo yote Kakese nzima inayajua, kwamba namsumbua wakati mumewe yuko safarini, na atakata simu.

Nikapiga kelele stendi nzima ikageuka:

"Mama Nestori, hebu tulia!"



Halafu nikasikia sauti yake imelainika. "Haya. Umelisema. Natuma."

"Nimesema nini?"

Alishakata.

Ujumbe wa hela uliingia nikiwa bado nimeduwaa. Nilikimbia kwa wakala wa jirani kutoa, nikalipa, nikapanda dereva akiwa anawasha gari. Tumetoka mji ndipo nikakumbuka. Tulia! Maksai wetu wa kwanza, aliyekuwa akivuta plau mpaka shamba la jirani. Tulimwita Tulia kwa kumwombea. Nikacheka peke yangu, jirani yangu wa kiti akasogea dirishani.

Jumamosi nilikuwa kanisani, benchi la pili. Askofu alipompaka Agripina mafuta nililia kidogo. Mama Nestori akaninong'oneza, "Tulia."

Ninachowaachia ni hiki: hela igawe mpaka uweke mguu ndani ya nyumba yako, siyo mpaka usikie lugha yako. Na nyuma uache mtu mwenye moyo wa kukukatalia hata wewe. Ukiwa naye, mshukuru Mungu, usimlaumu.

Nyie mlio safarini au mliorudi, hela mlizilindaje? Tuandikieni na sisi wazee tujifunze.

Neno tumeshalibadilisha, kwa hiyo msijisumbue kumpigia. La sasa alichagua yeye mwenyewe, na kusema kweli nimeshalisahau.