Mzizi wa Bibi Ruthu

Paulina alikuja chuoni akiwa amekwishachoka. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwalimu wa baiolojia aliyefundisha sekondari mpaka sauti ikakwaruza, na sasa alikuwa anasoma shahada ya uzamili huku Chimwaga pamoja na sisi, watoto wa umri wa wanawe. Tulimwita mama. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo kwa jinsi alivyoweza kusinzia huku amesimama maabara, glavu mkononi. Sikujua bado kwamba kila Ijumaa alipanda basi kwenda Mpwapwa kumwangalia mama yake mzazi, akarudi Jumapili na vumbi kwenye nyusi.

Mama yake, Bibi Ruthu, anakaa kijiji kimoja nje ya Mpwapwa na ni mganga wa vidonda. Si mpiga ramli, na ukichanganya mambo hayo Paulina atanuna kutwa nzima. Bibi anatwanga mzizi wa mti fulani wa porini, anauloweka kwenye maji ya korongoni, yale yanayochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kisha anaosha kidonda asubuhi na jioni mpaka kifunge. Miaka mingi wafugaji walimletea miguu yao. Siku hizi vijana wa kijiji wanasema kikongwe huyu anachelewesha watu kwenda zahanati, na wengine wanatumia neno baya zaidi. Hilo ndilo lililomtoa Paulina kwenye darasa lake. Alimwahidi mama yake kwamba atathibitisha, kwa vipimo visivyojua undugu, kuwa mzizi ule unaamsha kinga ya mwili.

Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Mwilini mna seli za ulinzi ambazo mtu anazaliwa nazo, hazisubiri kufundishwa na ugonjwa. Zina vipokezi, na kila kipokezi kinatambua kipande cha kijidudu ambacho mwili wa mtu hauna, kwa mfano mafuta yaliyo kwenye ganda la bakteria. Kikishanasa, habari inapokezanwa ndani ya seli, protini hii ikiigusa ile, mpaka kwenye kiini. Hapo seli inaanza kumwaga kemikali za kuwaita wenzake, na ndipo tunapopata uvimbe na homa. Kemikali hizo tunaweza kuzipima.

Paulina alizimwagia seli za namna hiyo, tulizozikuza maabara, dawa ya mama yake, nazo zikatoa kemikali kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Alilia mbele yetu bila aibu. Siku ileile akapiga simu nyumbani, na Jumapili Bibi Ruthu alisimama kanisani akatoa ushuhuda.

Dk. Anyitike, msimamizi wetu, hakupiga makofi. Aliuliza maji yalitoka wapi. Paulina akajibu kwa fahari kabisa kwamba ameitengeneza kama inavyotengenezwa kwao, maana dawa ya watu huibadilishi. Maji ya korongoni aliyabeba mwenyewe kwenye dumu, ndani ya basi. Akaongeza kuwa aliichemsha yote kwa mvuke wa shinikizo, hakuna bakteria aliyesalimika.

"Wamekufa, sawa," alisema Dk. Anyitike kwa upole. "Lakini maiti zao zimo. Seli haiulizi kama ni mzima au mfu, mama."

Yale mafuta ya ganda hayaharibiwi na moto wa namna ile. Paulina alilijua hilo, sote tulilijua. Lakini ukiwa umeinama kwenye kinu cha mama yako, mambo ya vitabuni yanakaa mbali. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia, kwa sababu badala ya kubisha alipanga yeye mwenyewe vipimo vya kuimaliza ndoto yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Aliloweka mzizi kwenye maji safi ya maabara, seli zikanyamaza. Akarudia dawa ya kwanza, safari hii akiwa amekiziba kwa kemikali kile kipokezi kinachonasa ganda la bakteria, zikanyamaza tena. Mwisho akaweka maji ya korongoni matupu, bila mzizi. Seli zikapiga kelele kama siku ile aliyolia. Aliyatazama matokeo, akavua glavu, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Shahada aliipata, tena kwa sifa, kwa sababu ya ule ukweli kwamba seli ziliamshwa na maji, si mzizi. Haikumfurahisha. Alikwenda nyumbani kumweleza mama yake, na haya mengine alinisimulia mwenyewe baadaye.

Bibi Ruthu alikuwa anapepeta uwele. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umetulia magotini, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na wale waliopona, mwanangu, waliponywa na nini?"

Paulina alisema waliponywa na kuoshwa vizuri, na miili yao wenyewe. Mama yake akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta. Paulina alilala akidhani yameisha salama.

Asubuhi yake mfugaji mmoja jirani, Gerson, alipiga hodi uani akichechemea, mguu umefungwa kwa kitambaa. Bibi Ruthu aliinuka upesi, kama alivyoinuka maisha yake yote, akafika kwenye mtungi wa dawa, akasimama. Hakugusa kata. Alimgeukia bintiye, akangoja.

"Mama yangu alikuwa ananiomba ruhusa," Paulina aliniambia. "Nilijuta kusoma."

Aliita bodaboda, akampandisha Gerson, naye akapanda nyuma yake ili wampeleke zahanati. Walipofika njiani aligeuka kutazama. Bibi Ruthu alikuwa bado amesimama pale kwenye mtungi, mikono imening'inia, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.