Ovaroli ya Luseno

Luseno alikuwa fundi wa breki, fundi kweli, si wale wa kubahatisha. Miaka ishirini na mmoja alipiga magoti katika gereji moja ya Industrial Area, eneo la viwanda, akifungua magurudumu ya malori. Madereva walimpenda kwa sababu hakupoteza muda wa mtu. Akishavua dramu ya breki, alishika mpira wa kompresa, akapuliza mara moja, vumbi jeusi likapaa, kazi ikaendelea. Vumbi lenyewe lilikuwa laini kuliko unga wa ngano, na hakuna aliyelihesabu kuwa kitu.

Nyumbani, mtaa wa Tassia, orofa ya nne, aliishi na mkewe Khavere, aliyemwita Mama Vivian kwa jina la binti yao anayesomea ualimu Kakamega. Khavere alikuwa na mambo mawili ambayo hakutaka mtu mwingine ayaguse: kuanzisha nyimbo kanisani, na kufua ovaroli ya mumewe. Majirani walikuwa na mama wa kuwafulia, lakini yeye hakutaka hata kusikia habari hizo. Alisema mke anayeacha jasho la mumewe lishikwe na mikono ya wengine atafute cheo kingine.

Na jinsi ya kuifua, Luseno ndiye aliyemfundisha, wiki ya kwanza ya ndoa yao. Alimwambia ovaroli ya breki hailowekwi ikiwa na vumbi, maana likipata maji linazama kwenye kitambaa na halitoki tena. Ikung'utwe kwanza. Basi kila Jumamosi Khavere alipanda juu ya paa, penye kamba za nguo, akaichapa ovaroli ukutani mpaka vumbi likaisha, ndipo akaitia majini. Alishuka nyusi zimejaa weusi, akicheka. Luseno alipenda sana kumwona hivyo, na kupenda huko ndiko kunakomuuma mpaka leo.

Kikohozi cha Khavere kilianza kama mafua. Wakachemsha tangawizi, wakabadilisha dawa, wakalaumu baridi ya Julai. Mwaka uliofuata Khavere alianzisha wimbo kanisani, sauti ikamkatikia katikati, na wenzake wakaudaka haraka ili kumfichia aibu. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alimwita Luseno pembeni, akamwuliza anafanya kazi gani, na nani anamfulia. Maskini, alijibu kwa fahari, kabla hajaelewa anaulizwa nini. Daktari akamweleza taratibu kwamba vumbi la breki, sawa na lile la matairi yanayolika barabarani, ni laini mno, na mtu akilivuta miaka mingi hukaa mapafuni, ingawa haliwaumizi wote sawa. Mapafu ya mkewe yalikuwa yamejaa makovu. Yasingepona. Kilichobaki ni kumkinga asivute vumbi tena hata kidogo.

Hapo ndipo alipopaswa kusema, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu ya kutosha. Lakini mtu ataanzia wapi kumwambia mkewe kwamba nguo yake ndiyo inayomwua, tena kwa maelekezo yake mwenyewe? Aliona aibu, akaogopa. Alimwambia mkewe kwamba daktari amesema apumzike tu.

Kazini alibadilika. Aliachana na kompresa, akawa analowesha dramu kwa maji ya sabuni na kuipangusa kwa kitambaa, uchafu ukidondokea kwenye beseni. Fundi mwenzake, Kiilu, alimcheka. "Buda, siku hizi unaogesha breki?" Madereva wenye haraka walihamia kwa wengine. Luseno hakujali. Na ovaroli akaanza kuiacha gereji, imetundikwa msumarini, isivuke tena kizingiti cha nyumba.

Jumamosi ya kwanza Khavere aliuliza iko wapi, akaambiwa kuna mtu anaifua huko huko kazini. Jumamosi ya pili hakuuliza. Kusema kweli hakuna aliyeifua. Ilikaa pale wiki nyingi ikikusanya vumbi ambalo wenzake waliendelea kupuliza. Benta, jirani wa mlango wa pili, alikuja kumsimulia Luseno baadaye jinsi mkewe alivyokuwa akilia: kwamba sasa amekuwa mzigo, hata nguo ya mumewe amenyang'anywa na mwanamke asiyemjua.

Ijumaa moja Luseno alitumwa Eastleigh kutafuta spea. Aliporudi alikuta msumari mtupu. Kiilu, ambaye hakuwa na habari yoyote, alimwambia kwa furaha kwamba shemeji amekuja kuichukua mwenyewe, na kwamba yeye Kiilu ndiye aliyemkunjia vizuri ndani ya gunia.

Luseno hakungoja mengine. Alifika Tassia akitweta, akapita mlango wake, akapanda hadi juu. Ovaroli ilikuwa tayari kwenye kamba, safi, ikidondosha maji. Khavere alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyusi nyeusi, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Alimtazama mumewe, akatabasamu.

"Baba Vivian," alisema, akipumzika kila baada ya neno, "bado mimi ni mke wako."

Luseno alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamwambia yote: daktari, mapafu, na lile somo la wiki ya kwanza ya ndoa. Alilia kama mtoto. Khavere alimsikiliza mpaka mwisho, bila kuutoa mkono wake katika mkono wa mumewe.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Ningeiloweka tu."

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, hospitalini, wakamzika kwao Vihiga. Vivian ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Luseno yuko gereji bado, na beseni lake. Kila Jumamosi anaitia ovaroli majini bila kuikung'uta, anaifua peke yake, anaianika juu ya paa. Vumbi halitoki, kama alivyosema zamani. Imekuwa nyeusi tii, na anaivaa hivyo hivyo kila siku, na hakuna dhara lolote linalompata kwa kuivaa.