Viti Vinne vya Mzee Amuri

Sauti ndiyo iliyotufikia kwanza. Treni ilikuwa imepunguza mwendo, ukungu wa mto Lualaba umeziba madirisha, na Kindu ilikuwa bado haionekani tuliposikia mwanamume akiimba. Aliimba ubeti mmoja, akanyamaza. Kibuyu cha mbegu kikaendelea peke yake, cha-cha, cha-cha, kwa muda mrefu, kama mtu anayemngoja mwenzake mlangoni. Kisha ile sauti ikarudi. Ikanyamaza tena.

"Ni yeye," alisema Ngoie, akikumbatia sanduku la kamera. "Mzima!"

Nieleze kwanza kilichotutoa Lubumbashi. Ngoie alikuwa mpiga picha wa wanamuziki. Kila orkestra iliyokuja mjini kurekodi sahani ya santuri ilipita kwake. Alimsimamisha kila mmoja mbele ya shuka jeupe, kidevu juu, macho kando, akamwambia kwa upole, "Tulia," ndipo akabonyeza. Picha ilikwenda kwenye jalada la sahani, na nakala moja mwanamuziki alirudi nayo kwao. Wengi hawakuwahi kupata picha nyingine nzuri. Basi siku ya msiba, hiyo hiyo ndiyo iliyosimamishwa juu ya meza ya matanga, pembeni mwa mshumaa. Ngoie alizoea kuingia kwenye matanga na kukuta kazi yake inamwangalia.

Ikafika siku akachoka. Aliuza kamera zake zote za picha akapata moja ya filamu. "Nataka watu wanaosogea," aliniambia. Filamu yake ya kwanza ingehusu orkestra ya Kindu, wanaume watano aliowapiga picha mchana mmoja. Wanne walikuwa wameshawekwa mezani. Alibaki mwimbaji, Amuri. Bila yeye hakukuwa na filamu, wala Ngoie hakuwa na kazi ya kurudia. Mimi nilichukuliwa kuandika maneno na kushika kinasa sauti.

Kamina, Kabalo, Kongolo: njia nzima alikaa na sanduku mapajani. Kwenye stesheni ya Kibombo wanawake walituinulia chikwangue, ule mkate wa muhogo, na samaki wa moshi dirishani, nikanunua, nikala peke yangu. Yeye alikuwa akitazama msitu ukitukaribia.

Asubuhi hiyo ya ukungu, kwenye stesheni ya Kindu, bwana mmoja wa chama, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imenyooka, alitusimamisha chini ya picha ya Rais.

"Sitwayeni, ndugu raia, kitu hii njo nini?"

"Kamera ya sinema."

"Mutapiga animation yetu, ngoma za kusifu chama?"

"Tunapiga muziki."

"Na animation njo nini basi, kilio?" Akacheka peke yake, akatuacha tupite.

Tulifuata sauti ndani ya mtaa wa Kasuku, mpaka nyumba ya matofali karibu na reli. Mzee Amuri aliimba ameketi. Mkewe, Mama Zaina, alitikisa kibuyu. Mbele yao palikuwa na viti vinne, havina watu. Nilikuwa nimechoka kwa safari, nikavuta kimoja.

"Hapana, mwanangu!" Mama Zaina alinidaka mkono. "Ile iko na mwenyewe. Mwenye gita ya solo. Ikala kwa mukeka."

Ndipo nikaelewa ule wimbo. Kila marehemu alikuwa na zamu yake: solo, besi, tarumbeta, ngoma. Zamu ilipofika, Mzee Amuri alinyamaza, akageukia kiti chake, akamngoja mpaka amalize. Hakuruhusu mtu kuijaza nafasi hiyo. Na tulipokuwa tumeketi mkekani nilijishika nikitikisa kichwa, nikifuata gita ambalo halikuwapo.

Ukutani kulikuwa na fremu mbili. Rais alitutazama sisi. Ile ya pili ilitazama ukuta.

"Ni kwa sababu ya tai?" nilimnong'oneza Ngoie, maana aliwapiga picha wamevaa tai shingoni, kabla serikali haijazipiga marufuku.

Mzee alisikia. "Tai inamuuma nani humu ndani? Ile njo mimi. Inangoja meza. Nimeiambia ingoje ikinipa mugongo." Akamgeukia Ngoie. "Na wewe fundi, umezeeka."

"Na wewe bado uko kijana, baba."

"Mwongo. Umekuja kunimaliza?"

"Nimekuja kukupiga ukiimba, ukisogea. Picha hii haisimami."

Mzee alivielekezea viti kidole. "Wale wane uliwaambia 'tulia'. Wakatulia. Nitakuimbia. Lakini ile neno, kwangu usiiseme."

"Siisemi, baba. Nakuapia."

Kesho yake ukungu ulipoondoka, Ngoie alisimamisha kamera. Mkanda wa filamu aliokuwa nao ulitosha wimbo huo na kidogo zaidi. Niliwasha kinasa sauti. Mzee Amuri alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama kati ya viti, akaanza.

Sijasikia tena uimbaji wa namna ile. Zamu ya solo ilipita, ya besi ikapita. Kwenye zamu ya tarumbeta, jua liliingia dirishani likamwangukia usoni. Akainua kidevu, macho kando, akingoja. Alipendeza mno. Niliuona mkono wa Ngoie ukijiinua wenyewe, kama ulivyojiinua miaka yote mbele ya lile shuka, na kinywa chake kikafunguka.

"Tulia."

Alilisema kwa upole. Kibuyu kikanyamaza. Mzee Amuri akabaki vile vile, kidevu juu. Kope hazikupepesa. Kifua sikukiona kikipanda. Kamera ilikuwa ikiunguruma, na nje kuku wote walikuwa kimya. Ngoie alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na nilipovitazama viti vinne nilihisi sasa kinakosekana kimoja tu, cha mwimbaji.

"Baba Zaina!" Mama aligonga kibuyu sakafuni, mbegu zikatawanyika. "Amuri! Unamusikiliza mutoto wa watu? Tembea! Tembea, nasema!"

Kidole kimoja kilisogea. Kisha mguu. Akageuka kama mtu anayejichomoa topeni, akatupa mgongo, akaenda mlangoni.

Ngoie hakumwita. Wala hakuizima kamera.

Siku ya kuondoka tulikwenda kuaga na kuomba radhi. Tulimkuta Mama Zaina peke yake.

"Amevuka mto, iko Alunguli. Anatembea tu. Tangu siku ile haikale chini."

"Na usiku, mama?"

"Analala akitikisa muguu. Ananipiga mateke kama punda." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye barabara. Akampa Ngoie fremu iliyofungwa katika kitenge. "Mubebe hii. Humu haina kazi tena."

Njia nzima ya kurudi fremu ilikaa pale lilipokaa sanduku wakati wa kwenda. Ngoie hakuifungua. Baada ya Kongolo alisema, "Nilidhani kazi yangu ni kuwazuia wasiondoke." Mimi pia huandika kwa sababu hiyo hiyo.

Filamu ilikwenda mbali kusafishwa, ikachukua miezi kurudi. Tuliitazama katika studio yake ya zamani, mapazia yamefungwa, juu ya lile shuka jeupe. Mzee Amuri akatokea pale pale alipowahi kusimamishwa. Akaimba, akangoja, akainua kidevu. Akasimama kabisa, hata nikadhani mashine imekwama, na Ngoie akanishika mkono kwa nguvu.

Kisha kidole. Kisha mguu. Akatupa mgongo, akalivuka shuka mpaka ukingoni, akatoka, na kwenye kinasa sauti mlango ukafungwa nyuma yake.